Shahidi mkweli anaweza kukosea?

SWALI: Katika kesi ya unyang'anyi mtaani kwetu, shahidi aliapa kuwa anamkumbuka mshtakiwa vizuri. Baadaye ikathibitika siye. Je, alisema uongo?

JIBU: Si lazima. Kumbukumbu si mkanda wa video. Kila tunapokumbuka, ubongo huunganisha upya vipande vilivyobaki, na mara nyingi huchanganya na tuliyoyasikia baada ya tukio.

Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer, wanasaikolojia wa Marekani, waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu ya ajali. Kundi moja liliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", jingine, "yalipobamizana". Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwemo. Hata hivyo, 16 kati ya 50 walioulizwa kwa neno kali walisema waliviona, dhidi ya 7 wa lile la kawaida.

Mahakama zinalijua tatizo hili. Katika shauri la Waziri Amani la 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Hakimu hupima mwanga, umbali, muda wa kumwona mtu, na kama shahidi alimfahamu kabla.

Ukishuhudia tukio, toa maelezo polisi mapema, kabla hujasimuliana na wenzako. Na usipokuwa na hakika kwenye gwaride la utambuzi, sema hivyo.