Vyombo vya Sauti vya Zamani katika Masoko ya Mitumba: Maswali na Majibu

Vyombo vya sauti vya zamani, kwa maana inayotumika hapa, ni gramafoni, mashine za santuri, amplifaya, spika, redio na rekoda za tepu zilizoundwa kabla CD haijaenea katika miaka ya 1980. Afrika Mashariki vyombo hivi huonekana katikati ya mizigo ya vifaa vya nyumbani vilivyokwisha kutumika ng'ambo, katika maduka ya vitu vya kale, na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambako hupimwa kwa kilo. Majibu yafuatayo yanamhusu mtu anayetafuta chombo cha kusikilizia, si pambo la sebuleni.

Kuna haja gani ya kutafuta mashine ya santuri ilhali muziki umejaa kwenye simu?

Haja ni kwamba sehemu kubwa ya muziki uliorekodiwa Afrika Mashariki katika karne ya 20 haijawahi kufika kwenye simu. Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya gramafoni iliyotumia nembo ya HMV, na katika miongo iliyofuata wanamuziki wengi wa pwani na wa bara walirekodi santuri zilizouzwa madukani Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Baadhi ya rekodi hizo zimehifadhiwa upya na kutolewa tena, lakini nyingine zimebaki katika nakala chache zilizosahaulika makabatini, na nakala hizo hazitoi sauti mpaka ipatikane mashine inayofaa. Kwa hiyo anayenunua mashine nzima, akaitengeneza na kuitumia, anaifungulia njia sauti ambayo pengine haina njia nyingine ya kusikika.

Ni mashine ya namna gani inayofaa kwa santuri za Afrika Mashariki?

Hapa ndipo mtafutaji wa Afrika Mashariki anapopaswa kuachana na ushauri ulioandikwa kwa ajili ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Santuri za awali, ambazo ziliendelea kutengenezwa hadi mwanzo wa miaka ya 1960, huzunguka mara 78 kwa dakika na zimetengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, na ndiyo maana ni nzito na huvunjika kirahisi. Santuri kubwa za plastiki za mizunguko 33 na theluthi moja zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948, na zile ndogo za mizunguko 45, zilizokuja kuwa chombo kikuu cha muziki wa dansi Nairobi, zilianza mwaka uliofuata. Mashine nyingi za miaka ya 1970 na kuendelea zina kasi mbili tu, 33 na 45, kwa kuwa masoko zilikoundiwa yalikuwa yamekwisha kuachana na 78. Technics SL-1200 ya kawaida, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972 na kusifiwa na madijei dunia nzima, ni mashine imara sana, lakini haitamfaa mtu aliyerithi sanduku la santuri za taarab za shelaki.

Inayofaa zaidi ni mashine yenye kasi tatu au nne. Garrard 301 ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1954, ina kasi zote tatu, ila wakusanyaji wa Ulaya wameipandisha bei kiasi kwamba si jambo la busara kuitarajia kwenye gulio. Mashine za BSR zilizofungwa ndani ya radiogramu, yaani lile kabati la mbao lenye redio, mashine ya santuri na spika kwa pamoja, ni za hadhi ya chini zaidi, lakini mara nyingi zina kasi ya 78, na nyingi zina katriji, yaani kifaa kidogo kinachoshika sindano, yenye sindano mbili: upande mmoja umeandikwa 78 na mwingine LP. Maandishi hayo yana maana kubwa, kwa sababu mfereji wa santuri ya shelaki ni mpana, na sindano yake ni nene karibu mara tatu kuliko ya santuri za plastiki za baadaye. Sindano nyembamba ikiwekwa kwenye shelaki huyumba chini ndani ya mfereji na kutoa mkwaruzo mwingi kuliko muziki.

Ni kosa kubwa, nalo linaendelea kutendeka, kuvunja radiogramu iliyo nzima ili kabati lake ligeuzwe meza.

Akiwa mbele ya muuzaji, mnunuzi achunguze nini kwanza?

Achunguze kwanza kile ambacho fundi redio hataweza kukirudisha, kisha ndipo atazame vumbi, mikwaruzo na kelele. Wanunuzi wengi hufanya kinyume chake: hukiacha chombo kizuri kwa kuwa hakiwaki, na hukinunua kibovu kwa kuwa kinang'aa. Kapasita, yaani vijikopo vinavyohifadhi chaji ya umeme ndani ya amplifaya, hukauka kwa miaka, lakini hubadilishwa kwa gharama ndogo. Mkanda wa mpira uliolegea hubadilishwa. Vitufe vinavyokwaruza husafishwa. Transfoma iliyoungua ni jambo jingine, kwa maana kuisuka upya ni kazi ya mafundi wachache, na harufu kali ya vanishi iliyoungua kutoka kwenye matundu ya amplifaya inatosha kuwa sababu ya kuiacha ama kudai bei ya vipuri.

Kwa mashine ya santuri, sahani inayobeba santuri izungushwe kwa mkono ikiwa imetolewa kwenye gurudumu au mkanda unaoiendesha, nayo iendelee kuzunguka kwa muda bila kutoa mlio. Ikisita au ikiguna, bushi yake imelika. Mkono wa sindano uinuliwe na kutikiswa polepole kwenye shina lake, kwani ukicheza kama jino bovu hautafuata mfereji vizuri. Gurudumu la mpira, ambalo katika mashine nyingi za kasi tatu ndilo linalopeleka nguvu kutoka kwenye mota hadi kwenye sahani, huwa gumu au hupata bonde mahali lilipokandamizwa kwa miaka mingi, likasababisha mdundo usiokoma ndani ya muziki. Tatizo hili si la kukatisha tamaa, maana mpira mpya unaweza kuvishwa na kusagwa sawasawa. Kipande kidogo kilichopotea, kama kile kinachoshika katriji, mara nyingi ni hasara kubwa zaidi kuliko mota iliyogoma.

Spika zina adui wa pekee mwambao. Ukingo wa sponji unaozunguka koni ya spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 humong'onyoka kwa joto na unyevu hata chombo kisipotumika, ilhali kingo za kitambaa na za mpira hudumu zaidi. Koni isukumwe ndani taratibu kwa vidole vilivyotandazwa: ikikwaruza, koili imeungua au imehama, ikirudi kimya, ukingo ulioliwa unaweza kubadilishwa. Makabati yagongwe-gongwe kusikiliza kama mchwa wamekwisha kula ndani, na redio ifunguliwe mahali pa betri, kwa kuwa majimaji ya betri zilizovuja hula shaba zinazogusana na betri hadi kwenye bodi yenyewe.

Je, chombo kilichotoka Japani au Marekani kitafanya kazi kwa umeme wa hapa?

Kibandiko cha nyuma kisomwe kabla ya plagi kuguswa. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda uko kati ya volti 230 na 240, wa Japani ni volti 100, na wa Marekani ni volti 120, kwa hiyo chombo cha huko kikichomekwa moja kwa moja huungua mara moja. Transfoma ya kushusha umeme hutatua tatizo hilo, lakini haigusi hezi, yaani idadi ya mara ambazo mkondo hubadili mwelekeo kwa sekunde. Umeme wa hapa ni hezi 50 na wa Marekani ni 60, na mashine za santuri ambazo mota zake hufuata hezi za gridi zitazunguka taratibu: mizunguko 33 hushuka hadi kama 28, sauti ikazama kwa takriban nusutoni tatu, na mwimbaji wa kike akasikika kama mwanamume. Dawa yake ni puli nyingine ya mota, yenye kipenyo kikubwa zaidi, au mashine yenye mota ya umeme wa DC, ambayo haijali hezi.

Redio za Japani zina kikwazo kingine ambacho kila aliyenunua gari kutoka huko anakifahamu. FM ya huko kwa miaka mingi iliishia megahezi 90, wakati stesheni za hapa zimetawanyika hadi 108, na hivyo redio nzima kabisa inaweza kukosa stesheni nyingi.

Chombo ambacho hakijawashwa kwa miaka kisiwashwe ghafla. Mafundi hukiunganisha kwa mfululizo na balbu ya waya ya wati 60 au 100: balbu ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, ndani kuna shoti, na chombo kimeokolewa. Amplifaya za valvu, yaani zile zenye balbu za kioo badala ya transista, hubeba volti 300 na zaidi, na kapasita zake huweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa hiyo asiyefundishwa asizifungue.

Gramafoni zenye pembe ya shaba zinazouzwa kwenye maduka ya vitu vya kale ni za kweli?

Nyingi si za kweli. Ni mkusanyiko unaotengenezwa India, ambapo mota ya gramafoni ndogo ya sandukuni huwekwa ndani ya kisanduku kipya cha mbao, mara nyingi chenye pande nane, na juu yake hufungwa pembe nyembamba ya shaba na kibandiko cha nembo ya HMV yenye mbwa. Gramafoni halisi ya namna hiyo ina chuma kilichochakaa sawasawa na mbao zake, na pembe yake mara nyingi ni ya bati lililopakwa rangi au ya mbao. Aliye na fedha za kununua gramafoni kama hiyo anashauriwa kutafuta gramafoni ya sandukuni, ile ya kutia ufunguo kwa mkono, ambayo haina fahari lakini inapiga santuri ipasavyo. Sindano zake za chuma hubadilishwa kila upande mmoja wa santuri, na mkono wake hukandamiza kwa uzito wa gramu 100 na zaidi. Santuri ya plastiki isiwekwe humo kamwe, kwa kuwa mfereji wake utachimbwa mara ya kwanza tu.

Na rekoda za tepu kubwa?

Hizi zinastahili kununuliwa hata zikiwa mbovu kiasi, kwa sababu bendi nyingi za Tanzania zilirekodiwa kwenye tepu katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nakala za tepu zilibaki pia mikononi mwa watu binafsi. Kinachotazamwa ni vichwa vya kusomea: vikiwa na bonde linaloonekana kwa macho, vimelika. Tepu yenye ukungu isipigwe kabla haijasafishwa, maana itachafua mashine na kuchanika.

Santuri zilizopatikana pamoja na mashine zisafishweje?

Za plastiki huoshwa kwa maji safi yenye tone la sabuni laini, kwa kufuata mzunguko wa mfereji, bila kulowesha karatasi ya katikati, kisha hukaushwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Za shelaki huoshwa vivyo hivyo lakini haraka, na spiriti isizikaribie hata kidogo, kwa kuwa spiriti huyeyusha shelaki na kufuta muziki pamoja na uchafu.