MOSHI ULIOFICHIKA NDANI YA GUNIA

Leo nataka tupige hesabu moja. Moshi wa jikoni kwetu tunauona. Lakini upo mwingine unaotoka mbali kwa ajili yetu: shambani, kiwandani na barabarani. Ndio huo wanafunzi wa vyuo vikuu hushindania kuupunguza katika mashindano ya ubunifu.

Tuseme lori limebeba magunia 120 ya mahindi kutoka Nairobi hadi Garissa, karibu kilomita 360, nalo hunywa lita 1 kila kilomita 3. Hizo ni lita 120, yaani kila gunia limekunywa lita 1! Lita 1 ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya kaboni. Je, lori likija nusu tupu? Mzigo wa kila gunia unakaribia kuwa maradufu. Basi, maduka na shule ziagize pamoja, na lori likirudi libebe mbuzi wa soko letu.

Kwa nini tujali? Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua ilikosekana misimu 5 mfululizo, mifugo ikafa. Tunachafua kidogo, twaumia sana. Wenzangu, tusingoje chuo kikuu. Tuanze na gunia la hapa shuleni.