Kusahihisha Ujumbe Kuna Muda Wake

Siku hizi wengi wetu huku ziwani tunapashana bei ya dagaa kwa simu. Je, tukikosea kuandika tunaweza kusahihisha?

Ndiyo, lakini upesi. Tangu mwaka 2023 WhatsApp inaturuhusu kusahihisha ujumbe ndani ya dakika 15 tu baada ya kuutuma. Ujumbe huo huwekwa alama kwamba umebadilishwa, ila maneno ya kwanza hayaonekani tena.

Kwa nini kuna mpaka? Tuchukue mfano. Mchuuzi wa Ukerewe anasoma, "Bei Mwaloni Kirumba imepanda." Analipa nauli, anapakia magunia. Jioni mwandishi anabadili neno: "imeshuka." Sasa mchuuzi akilalamika, nani atamwamini? Basi mpaka huu unamlinda yule aliyekwisha kulifuata neno letu.

Kwa hiyo tusome kabla ya kutuma. Muda ukipita, tusinyamaze. Tuandike ujumbe mpya: "Nasahihisha. Bei imeshuka." Hapo kila mtu ataona lililosemwa kwanza na lililo sahihi.

Maswali
1. Tunapewa dakika ngapi kusahihisha?
2. Zikipita, tufanye nini?