Somo la Usalama: Kabla ya Kubonyeza "Sim"

Ndugu wananchi wa Palma, Mocímboa da Praia na vijiji vya ukingo wa Ruvuma,

Katika kompyuta nyingi za nyumbani, skrini hufifia ghafla na kidirisha hutokea, kikiuliza kama programu fulani iruhusiwe kufanya mabadiliko. Wengi wetu hubonyeza "Sim" ili usumbufu uishe. Kinga hii imo katika Windows tangu mwaka 2007, nayo ni mithili ya mlinzi wa mlangoni: humzuia mgeni, lakini uamuzi wa kumkaribisha ni wa mwenye nyumba.

Yazingatiwe mambo matatu.

Kwanza, jiulize: je, ni mimi niliyelianzisha jambo hili? Ikiwa unaweka programu uliyoitafuta mwenyewe, swali hilo ni la kawaida. Likizuka baada ya kufungua faili lililomo kwenye flashi iliyotoka kwa jirani au ng'ambo ya mto, bonyeza "Não".

Pili, soma jina la programu na la mtengenezaji wake. Katika Windows 10 na 11, rangi ya manjano huashiria mtengenezaji asiyethibitishwa.

Tatu, watoto na wageni wafunguliwe akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka. Nywila ya msimamizi ibaki kwa mwenye kompyuta. Kinga hii isizimwe kamwe.

"Sim" moja ya pupa yaweza kumkabidhi mwizi nyaraka, picha na nywila za familia nzima. "Não" haiharibu kitu: programu iliyo halali utaifungua tena baada ya kuuliza.