Ajali na Kadari: Darsa ya Dereva na Simu Yake

Katika darsa yetu iliyopita mmoja katika ndugu zetu aliuliza suala ambalo halikufaa kujibiwa kwa maneno mawili na kuachwa. Alikuwa ametoka Malakisi, huko Bungoma karibu na mpaka wa Uganda, alikokwenda kuzuru jamaa zake. Aliposhuka katika barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malaba, alipanda bodaboda imfikishe mjini. Njia nzima kijana yule alikuwa amechomeka simu baina ya helmeti na sikio, akijadiliana bei ya ng'ombe. Mazungumzo yalipokatika, aliitoa simu akaanza kusoma ujumbe wa M-Pesa, usukani ameushika kwa mkono mmoja. Abiria wake alipomnasihi, akajibu: "Mzee, ajali haina kinga. Siku ikifika imefika." Je, neno hili ni imani au ni kisingizio?

Tusimlaumu kijana yule peke yake. Neno lilo hilo twalisikia Kisauni na Likoni, twalisikia kwa madereva wa malori yapakiayo Kilindini, na kwa wenye magari yao wenyewe watokao msikitini, tasbihi imetundikwa kiooni na simu i mkononi.

Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh akapata khabari kwamba tauni imeingia huko. Akashauriana na masahaba, kisha akaazimu kurudi Madina na watu wake. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jawabu lake lilikuwa kwamba anaondoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha, ni kwa kadari. Hapana aliyeiamini kadari kuliko watu wale, na hata hivyo waligeuza vipando vyao. Na huyu asemaye ajali haina kinga, mbona hutengeneza breki zake? Mbona usiku huwasha taa? Basi kinga anaijua, ila ile ya kuweka simu mfukoni ndiyo imzitoayo.

Na tupime khatari yenyewe. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa, kiasi ambacho kanuni za mwaka 2003 ziliwawekea matatu wasikipite, hukata mita 22 kwa kila sekunde. Asomaye ujumbe kwa sekunde tano amekwisha kwenda mita 110, urefu unaozidi kiwanja cha mpira, naye hakuona kitu. Mwaka 1997 wataalamu wa Toronto, Kanada, walitangaza uchunguzi wao juu ya madereva 699 waliopata ajali na waliokuwa na simu. Wakaona kwamba wakati wa kuzungumza khatari ya kugonga huwa kiasi cha mara nne, wala hawakuona nafuu kwa wale wasioishika simu mkononi. Macho yako njiani, lakini akili imekwenda kwa msemaji. Basi asidhani aliyetia vidude masikioni kwamba amesalimika, hata ikiwa anachosikiliza ni mawaidha.

Kenya ilipoteza watu zaidi ya 4,000 barabarani mwaka 2022, na zaidi ya 4,000 tena mwaka 2023. Kanuni za mwaka 2016 zimemwekea dereva atumiaye simu gari likiwa linakwenda faini ya shilingi 2,000. Wako wanaoihesabu faini hiyo kuwa ni sehemu ya gharama ya safari, kama mafuta. Lakini wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, walipokutana Brunei mwaka 1993, waliamua kwamba kufuata kanuni za barabara zisizopingana na sharia ni wajibu wa kidini. Tena waliamua kwamba dereva ni mdhamini wa madhara ayaletayo, ila likimzukia jambo asiloweza kuliepuka, au kosa likiwa ni la aliyedhurika au la mtu mwingine. Aliyekuwa akisoma ujumbe hawezi kudai kwamba jambo limemzukia.

Hapa ndipo penye uzito, na wengi hawapajui. Aya ya 92 ya Sura An-Nisaa imehukumu juu ya mwenye kuua kwa kukosea: dia kwa jamaa wa maiti, ila wakisamehe, na kafara ya kuacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Jamaa wakisamehe dia, kafara haikuondoka, kwani hiyo ni haki ya Mungu. Na aya hiyo hiyo imemtaja aliyeuawa katika watu wenye ahadi nasi, ikalazimisha dia na kafara vile vile. Basi dereva wetu wa pwani akimgonga mtu wa Malakisi, ambako wengi si Waislamu, asidhani deni lake ni jepesi. Na wanazuoni wengi wamesema kila nafsi ina kafara yake. Matatu ya watu kumi na wanne ikiteketea kwa uzembe wa dereva, akabaki yeye, mbele yake pana miezi ishirini na minane ya saumu.

Limebaki la sisi tusioendesha. Tajiri ampigiaye dereva wake kila nusu saa kumwuliza amefika wapi, na mke au mama afanyaye hivyo kwa mapenzi, wanajua vyema kwamba mtu yuko kwenye usukani. Na amwonaye dereva wake akiandika ujumbe, akanyamaza kwa haya, ameiachia nafsi yake na za wenziwe. Ndugu yetu aliyekwenda Malakisi alitueleza kwamba aliposhindwa kumnyamazisha kijana, alimwambia asimame, akamlipa nauli yote, akaenda kwa miguu maili moja na nusu katika jua la mchana.