Jirani Mkubwa na Visiwa Vidogo

1. Nchi ndogo katikati ya maji

Tazama ramani ya dunia. Kati ya Australia na Amerika pana bahari kubwa kupita zote, ndiyo Bahari ya Pasifiki. Katikati yake vimetawanyika visiwa vingi mno. Vingine ni vidogo hata mchora ramani huweka nukta tu. Nukta tisa kati ya hizo ni nchi ya Tuvalu.

Maana ya jina Tuvalu ni «wanane wanaosimama pamoja», kwa sababu zamani visiwa vinane tu vilikuwa na watu. Ukikusanya ardhi yote ya visiwa tisa, utapata kilometa mraba 26 tu. Kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu, peke yake, hupita Tuvalu nzima zaidi ya mara kumi. Wenyeji ni kama 10,000, na zaidi ya nusu yao hukaa Funafuti, mji mkuu.

Visiwa hivi havina mlima wala mto. Vilijengwa na wanyama wadogo sana wa bahari, ambao mifupa yao hubaki ikawa mawe. Mahali pa juu kabisa hapafiki meta 5 juu ya bahari, hata mnazi mmoja hupita kimo hicho. Maji ya kunywa ni ya mvua: kila nyumba hukinga maji ya mabati na kuyaweka katika tangi. Chakula chao cha asili ni samaki, nazi na pulaka. Pulaka ni mmea wa jamii ya majimbi. Hupandwa ndani ya mashimo yaliyochimbwa mpaka kufikia maji matamu chini ya mchanga. Maji ya bahari yakiingia shimoni, pulaka hufa.

2. Uhuru na meli moja

Zamani Waingereza walitawala Tuvalu pamoja na visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni sehemu ya nchi ya Kiribati. Mwaka 1974 watu wa Tuvalu walipiga kura, na wengi sana wakachagua kujitenga. Katika kugawana mali walipata meli moja. Fedha za fosfati, yaani mawe ya mbolea yaliyochimbwa katika kisiwa cha Banaba, hawakupata hata kidogo. Tarehe 1 Oktoba 1978 Tuvalu ikawa nchi huru.

Uhuru ni furaha. Lakini mwalimu anataka mshahara, hospitali inataka dawa, na meli inataka mafuta. Tuvalu haikuwa na madini wala mashamba makubwa. Vijana wake walifanya kazi ya ubaharia katika meli za wageni na kupeleka fedha nyumbani, lakini serikali ilipungukiwa. Kwa hiyo Uingereza ilitoa fedha kila mwaka ili kujaza pengo.

Msaada huo ulifaa, lakini ulikuwa na ubaya wake. Mwaka ukiisha, ilibidi kuomba tena. Mtu anayeomba kila mwaka hawezi kupanga mambo ya miaka kumi. Naye anayetoa huchoka, tena hutaka kujua kila senti imekwenda wapi.

3. Ng'ombe hachinjwi

Basi wakubwa wa Tuvalu, pamoja na waziri wa fedha Henry Naisali, walitafuta njia nyingine. Waliwaendea rafiki zao na shauri hili: badala ya zawadi ndogo za kila mwaka, watoe zawadi moja kubwa, nayo isiliwe. Iwekwe mahali pa kuzaa faida, na Tuvalu itumie faida tu.

Kila mfugaji aelewa shauri hilo. Mwenye ng'ombe mmoja akimchinja, atakula nyama siku chache, kisha njaa itarudi. Akimtunza, atakunywa maziwa miaka mingi.

Shauri likakubaliwa. Mwaka 1987 Uingereza, Australia na Nyuzilandi zilitia sahihi mapatano pamoja na Tuvalu, na Mfuko wa Amana wa Tuvalu ukaanzishwa. Fedha za kwanza zilikuwa kama milioni 27 za dola za Australia, ambazo ndizo fedha zinazotumika Tuvalu. Sehemu kubwa ilitoka kwa nchi hizo tatu, lakini Tuvalu nayo ilitia sehemu yake. Baadaye Japani na Korea Kusini zilichangia pia.

Mfuko huo una sanduku mbili. Sanduku la kwanza ni la mali yenyewe, nayo haiguswi. Sanduku la pili hupokea faida, na hapo serikali huchota. Lakini si faida yote inayopita. Kwa kuwa bei za vitu hupanda, fedha zilezile hununua vitu vichache zaidi kila mwaka. Kwa hiyo sehemu ya faida hubaki katika sanduku la kwanza ili nguvu ya mali isipungue.

Tufanye mfano. Sanduku la kwanza lina dola 1,000. Mwaka huu limezaa dola 70, na bei za vitu zimepanda kwa 3 katika kila 100. Dola 30 hubaki katika sanduku la kwanza. Dola 40 huenda katika sanduku la pili.

Sanduku la pili lina kazi nyingine pia, ndiyo kungoja miaka mibaya. Mwaka 2008 masoko ya fedha ya dunia yalianguka, na mali ya mfuko ikapungua. Faida ikakosekana, lakini akiba ya miaka mizuri ilikuwapo. Hapo ndipo watu huelewa methali isemayo: Akiba haiozi. Leo mali ya mfuko imepita dola milioni 100.

Wanaouangalia mfuko ni wajumbe wa Tuvalu na wa baadhi ya nchi zilizotoa. Wote hukaa meza moja, na mwenyekiti ni mtu wa Tuvalu. Hivyo mtoaji ana macho, na mpokeaji ana sauti.

4. Ndoo mbili kwa siku

Lakini mfuko wa fedha haunyeshi mvua. Mwaka 2011 mvua ilikosekana Tuvalu kwa miezi mingi. Matangi yakakauka. Tarehe 28 Septemba serikali ilitangaza hali ya hatari. Katika Funafuti nyumba nyingine zilipewa ndoo mbili tu za maji kwa siku, kwa watu wote wa nyumba: kunywa, kupika na kuoga.

Kuchimba visima hakukufaa, maana maji ya chini yalikuwa mabaya. Ndipo Nyuzilandi na Australia zilipoleta upesi mashine za kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Msalaba Mwekundu pia ulisaidia. Watu wakanywa mpaka mvua iliporudi.

Hapa kuna aina mbili za msaada. Mashine ya maji ni msaada wa siku ya hatari: hauna nafasi ya kungoja. Mfuko ni msaada wa miaka: hauonekani upesi, lakini haukauki. Nchi ndogo inahitaji aina zote mbili.

5. Bahari inapanda

Siku hizi hatari nyingine imekuja. Moshi wa viwanda na wa magari ya dunia nzima huongeza joto. Barafu huyeyuka, na maji ya bahari hutanuka kwa joto. Katika miaka 30 bahari ya Tuvalu imepanda kama sentimita 15. Mahali penye mlima, sentimita 15 ni neno dogo. Pale Tuvalu, siku za maji makuu, bahari hutokeza hata katikati ya kijiji, kwa kupenya mawe yenye matundu. Watu wa Tuvalu hawana viwanda vikubwa. Madhara yamewapata kwa moshi wa wengine.

Kwanza wamejenga. Kwa fedha za mfuko wa mataifa wa mambo ya hali ya hewa, na kwa usimamizi wa Umoja wa Mataifa, mchanga ulitolewa chini ya maji na kuwa ardhi mpya, zaidi ya hekta 7, katika Funafuti. Australia nayo iliahidi dola milioni 16.9 ili kazi hiyo iongezwe.

Tena wamefanya mapatano. Tarehe 9 Novemba 2023, huko Rarotonga katika Visiwa vya Cook, waziri mkuu Kausea Natano wa Tuvalu na waziri mkuu Anthony Albanese wa Australia walitangaza na kutia sahihi Mapatano ya Falepili. Falepili ni neno la Kituvalu. Maana yake ni ujirani mwema: kumtunza jirani kama mtu wa nyumba yako. Mapatano yalianza kutumika tarehe 28 Agosti 2024.

Yana mambo matatu makubwa:

Jambo la kwanza: Australia hupokea watu wa Tuvalu mpaka 280 kila mwaka, wakae, wasome na kufanya kazi. Wanaweza kurudi kwao wakipenda.

Jambo la pili: Australia itaisaidia Tuvalu ikiiomba, katika msiba wa bahari, ugonjwa mkubwa au kushambuliwa. Tena nchi zote mbili zimekubali kwamba Tuvalu itabaki kuwa taifa, hata bahari ikipanda.

Jambo la tatu: Tuvalu isifanye mapatano ya ulinzi na taifa jingine bila kupatana na Australia kwanza. Mambo ya polisi, bandari na simu yamo pia.

6. Je, ni zawadi au ni biashara?

Jambo hilo la tatu lilileta maneno mengi. Enele Sopoaga, aliyekuwa waziri mkuu zamani, aliyapinga mapatano hayo, akisema yanapunguza uhuru. Wengine walijibu: Mkono mtupu haulambwi, aliye mkubwa naye anatafuta kitu, nacho ni usalama wa bahari yake. Baada ya uchaguzi wa Januari 2024 Feleti Teo akawa waziri mkuu. Serikali yake ilitaka uhuru wa nchi ulindwe, lakini mapatano haikuyavunja.

Na watu wenyewe? Mwaka 2025 Australia ilipofungua orodha ya kwanza ya kupiga kura ya bahati, majina zaidi ya 8,000 yaliandikwa, pamoja na watu wa nyumba zao. Ni karibu nchi nzima. Lakini kuandika jina si kukata shauri la kuhama. Kijana aweza kwenda kusoma, lakini bibi yake atataka kufa karibu na shimo lake la pulaka. Wakienda wengi, nani atafundisha watoto, nani atavua samaki? Wasipoenda, na maji yakifika, watakimbilia wapi? Swali hilo huulizwa katika kila nyumba ya Tuvalu, na hakuna waziri awezaye kulijibu kwa niaba yao.

Basi ni vema kujua jambo hili. Msaada mzuri haupimwi kwa wingi wa fedha tu. Hupimwa pia kwa kuuliza: Je, aliyepokea amebaki na sauti? Je, mwaka kesho atakuwa na nguvu kuliko mwaka huu? Katika mfuko wa mwaka 1987 Tuvalu ilikuja na shauri lake na fedha zake kidogo, ikapata kiti cha mbele. Katika mapatano ya Falepili imepata mlango wa kupitia siku ya hatari, nayo imelipa sehemu ya uhuru wake. Watu wa Tuvalu wataendelea kupima kama bei hiyo ni ya haki.

Maneno magumu

Amana: mali iliyowekwa ili itunzwe kwa faida ya mtu.
Mapatano: maneno yaliyokubaliwa na kutiwa sahihi na pande mbili au zaidi.
Maji makuu: maji ya bahari yanapopanda kupita desturi, siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo.
Kura ya bahati: kuchagua majina bila kutazama.

Maulizo

1. Kwa nini Tuvalu haina mito? Watu wake hupata wapi maji ya kunywa?
2. Msaada wa kila mwaka ulikuwa na ubaya gani?
3. Eleza kazi ya sanduku la kwanza na ya sanduku la pili.
4. Hesabu: Mfuko una dola 2,000. Umezaa dola 120. Bei zimepanda kwa 4 katika kila 100. Dola ngapi zitabaki? Dola ngapi zitakwenda katika sanduku la pili?
5. Hesabu: Wakihama watu 280 kila mwaka, watu 10,000 watamaliza kuhama baada ya miaka mingapi?
6. Taja kitu kimoja Tuvalu ilichopata katika Mapatano ya Falepili, na kimoja ilichotoa.
7. Andika mistari mitano: Nyumba moja katika kijiji inataka kusaidia nyumba nyingine. Ifanye nini ili jirani asiwe mwombaji siku zote?