Mtoto Aliyevimba Hakunona

Soma: Marko 5:35-43

Mara nyingi mama huleta mtoto kwetu kwa sababu ya kikohozi, naye husema, “Lakini anakula vizuri, tazama mashavu yake.” Sisi hubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole, na shimo hubaki. Nywele zimekuwa nyekundu, ngozi yabanduka, wala mtoto hataki kucheza. Mtoto huyu hakunona. Amevimba. Ugonjwa wake ni kwashioko, nao huua.

Jina hili latoka Ghana. Daktari Cicely Williams alilipata huko, akaliandika mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake alipokuja. Je, si ndivyo hata hapa Lubumbashi? Mama aona mimba, akatisha ziwa, na mtoto abaki na bukari tupu.

Bukari si adui. Hutia nguvu kama makaa katika mbabula. Lakini makaa hayajengi nyumba, na mtoto ni nyumba inayojengwa. Ataka matofali: samaki, mayai, maharagwe, karanga.

Tena maisha ya mji yamebadilika. Mababu walilima na kuvua. Leo twanunua, na unga mwingi hupita Kasumbalesa kutoka Zambia. Bei ikipanda, mama hununua unga kwanza, na mboga hupungua. Kwa hiyo shikeni mambo haya:

1. Mpaka miezi 6, mpe mtoto maziwa yako tu, hata maji usimpe.

2. Kisha mpe uji mzito wenye karanga zilizosagwa, au ndakala wakavu waliotwangwa, na mafuta kidogo. Endelea kunyonyesha mpaka miaka 2 na kupita. Mimba mpya haiharibu maziwa.

3. Panda lengalenga na matembele kando ya nyumba. Sombe itwangwe sana na kuchemshwa muda mrefu, kwa maana mbichi ina sumu.

4. Mtoto awe na sahani yake mwenyewe. Akila pamoja na wakubwa, mikono yao ni myepesi kuliko wake. Na wewe baba, usile samaki wote peke yako.

5. Miguu yote miwili ikivimba, usingoje, wala usimtafute aliyemroga. Mpeleke kituo cha afya siku ile ile.

Bwana Yesu alipomfufua binti wa Yairo, hakusahau chakula: aliagiza apewe kitu cha kula. Yeye aliyeshinda mauti hakudharau sahani ya mtoto. Basi mama, mwombee mtoto wako, kisha umlishe.

Maulizo

1. Utamtambuaje mtoto aliyevimba na aliyenona?
2. Jana mtoto wako alikula nini pamoja na bukari?
3. Ni nani nyumbani mwako asiye na sahani yake?